Breki ya Katambuga

Anayeshuka mteremko na baiskeli ya Fonix iliyobeba gunia la alizeti hategemei breki ya mkono. Vile vyuma vinavyoshuka kutoka kwenye usukani vilishalegea zamani, na mpira wa kukamata rimu umelika hadi chuma. Kwa hiyo hunyoosha mguu wa kulia mbele na kukandamiza soli ya katambuga, kiatu cha tairi kuukuu, juu ya tairi, pale chini ya uma. Tairi kwa tairi. Aliye nyuma yake anapata harufu ya mpira ulioungua, na baiskeli yenye mzigo mzito kuliko mwenyewe inashuka taratibu, ikikwepa jiwe, ikikwepa mzizi, mpaka tambarare. Akifika chini hukagua soli kabla ya kukagua gunia.

Nimeiona breki hiyo mara nyingi kwenye vijia vya Singida, na kila mara hunikumbusha kisa cha California. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wachache wa Marin, ng'ambo ya daraja la San Francisco, walikutana juu ya kilima kushindana kushuka kwa baiskeli kwenye njia ya udongo. Baiskeli zao zilikuwa Schwinn kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, vyuma vizito vilivyookotwa kwenye mabanda na kwa wauza chakavu. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma: unarudisha pedali nyuma, gurudumu linakamata. Mpaka wafike chini grisi yote imeshageuka moshi, na habu lazima ifunguliwe ijazwe upya. Kazi hiyo ya kujaza upya ndiyo iliyoyapa mashindano jina, Repack. Joe Breeze, Gary Fisher, Charlie Kelly na Tom Ritchey walitoka kwenye kundi hilo na mazingira yake, na baiskeli ya mlimani ikazaliwa. Miaka 20 baadaye, 1996, ilikuwa mchezo wa Olimpiki huko Atlanta.

Wale vijana na huyu mbeba alizeti walikuwa na tatizo moja, chuma kizito na mteremko usio na huruma. Tofauti ni kwamba wale walipanda mlima ili wapate kushuka. Huyu anashuka kwa sababu soko liko chini.

Wasafiri wengi wanaijua Singida kupitia dirisha la basi. Kutoka Dodoma ni kilomita kama 240, na njiani kuna chupa za mafuta ya alizeti zimepangwa kwenye meza za miti, kuku kwenye matenga, na upepo. Kisha mawe. Mji wenyewe umekaa kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, kati ya maziwa mawili ya maji chumvi, Singidani na Kindai, na pande zote umezungukwa na matale yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyapanga akasahau kurudi kuyapangua. Ziwa Singidani huwa na heroe. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, unaweza kuendesha kando ya maji ukawaona wamesimama kwa mguu mmoja, halafu ukageuza usukani na ndani ya dakika chache uko juu ya jiwe. Jiwe la Singida ni kavu na lina mikwaruzo, hushika tairi vizuri kuliko lami. Kupanda kwake hakuhitaji ushujaa. Kunahitaji gia nyepesi na kutokuangalia pembeni.

Lakini sikuja kuandika habari za mawe. Nimekuja kuandika habari za upana wa njia.

Waendesha baiskeli za mlimani duniani kote hawana wanachokitamani kama kijia cha mtu mmoja, chenye upana wa kupita usukani na basi. Kijia hicho ndicho kinachoifanya safari iwe mazungumzo kati yako na ardhi, maana huna pa kukwepea; lililopo mbele lazima ulipite. Huko Whistler, Kanada, na katika misitu ya Wales, watu wenye majembe na mapanga hulipwa kuchonga vijia vyembamba mlimani, tena kwa ustadi wa kuvifanya vionekane kana kwamba havikuchongwa. Sisi tunavyo vya kurithi.

Vya kurithi kweli. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilipita katika mkoa huu. Ikishamaliza Ugogo ilipanda ukuta wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde, kisha ikaingia Mgunda Mkali, ile nyika kavu ambayo leo ni Manyoni na Itigi na ambayo wapagazi waliiogopa kwa kiu. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipita mwaka 1857. Mamia ya watu, pembe za ndovu na marobota ya nguo begani, walitembea mmoja nyuma ya mwingine, na sababu haikuwa nidhamu ya kijeshi. Njia ilikuwa ya mguu mmoja. Barabara kuu ya biashara ya Afrika Mashariki haikuwa pana kuliko mkeka. Nikiwa Kilimatinde, nikiangalia bonde la Bahi likiwaka jua kule chini, huwa najiuliza mpagazi angesema nini akimkuta mtu mzima amelipa nauli ili aje apande njia ile ile kwa miguu yake mwenyewe. Pengine angempa mzigo.

Kusini zaidi hali inabadilika. Vichaka vya Itigi ni msitu mfupi, mita 3 hadi 5, uliosokotana kiasi kwamba hata mbuzi hutafuta mlango. Msitu wa namna yake uko tena kaskazini mwa Zambia, kuzunguka ziwa Mweru Wantipa. Ukipita humo unaona ukuta wa fito kushoto, ukuta wa fito kulia, na mchanga mbele. Ukiendelea kusini unafika kwenye mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa, ambako kuna tembo na simba, na baiskeli si kinga. Huko sitamshauri mtu bila kibali na askari. Msafara wa Tour d'Afrique, ule unaotoka Cairo hadi Cape Town tangu 2003, umewahi kupita Singida na Itigi ukielekea Mbeya, lakini wale wana magari ya kubeba maji yao.

Mimi moyo wangu uko Mgori.

Msitu wa Mgori uko mashariki ya Wilaya ya Singida, miombo ya hekta zipatazo 40,000. Kwa kulinganisha tu: Karura, ule msitu wa Nairobi ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999 na ambao leo watu hukodi baiskeli langoni na kuzunguka humo mwisho wa juma, una hekta kama 1,000. Mgori ni Karura 40. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya tone la kwanza la mvua, miombo hutoa majani machanga yenye rangi ya shaba na divai, na msitu mzima unaonekana umeshika moto usio na joto. Chini ni majani makavu na mchanga mwepesi. Vijia vinapinda kuzunguka vichuguu na magogo. Mpandaji hapigi kasi humo, anasuka: bega hili, bega lile, kichwa chini ya tawi, kisha mchanga ghafla unalikamata gurudumu la mbele nawe unajikuta umesimama wima kama mlingoti. Vilima havitishi. Vinapanda na kushuka kama pumzi ya aliyelala, na hatari yake ni hiyo hiyo, maana hukuchosha bila kukuonya.

Waliovitengeneza vijia hivi ni warina asali. Mrina haendi kwa mstari, anaenda mzinga kwa mzinga, na mizinga iko kwenye miti mizuri, na miti mizuri haijipangi. Ndiyo maana kijia chake kina mizunguko ambayo mchoraji wa njia za baiskeli angeisifu. Kuna elimu zaidi ya hiyo. Wachonga njia wa Marekani wana kanuni yao: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, na kwa wastani usipite asilimia 10, ili maji ya mvua yaikate njia na kuondoka badala ya kuigeuza mfereji. Mtu mwenye ndoo ya asali kichwani hajasoma kanuni hiyo, lakini magoti yake yanaijua. Hukata mlima kwa mshazari. Ng'ombe wenye kiu hawana subira hiyo. Hushuka moja kwa moja majini, mia kwa mia, na baada ya masika mawili njia yao ni korongo la kumfukia mtu. Kwa hiyo mgeni anayeuliza apite wapi, jibu langu huwa fupi: fuata nyuki, usifuate ng'ombe.

Lakini kabla ya kufuata chochote, aulize. Mgori una historia ambayo mpita njia hawezi kuiruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ulikuwa kuufanya msitu huu hifadhi ya serikali kuu. Watu wa vijiji vinavyouzunguka hawakuridhika kugeuzwa wageni katika msitu walimorina asali na kulisha mifugo tangu enzi za babu zao. Mjadala ukawa mrefu. Mwaka 1995, kwa mfano wa msitu wa Duru-Haitemba kule Babati uliotangulia mwaka mmoja, vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vikachukua dhamana ya kuusimamia, kila kimoja na sehemu yake, sheria zake ndogo na askari wake wa doria waliochaguliwa na kijiji. Hayo yalifanyika miaka kadhaa kabla Sheria ya Misitu ya 2002 haijautambua rasmi usimamizi wa namna hiyo. Watu wa Singida walitangulia, karatasi ikafuata.

Nayasema haya kwa sababu mara nyingi habari za utalii wa baiskeli huandikwa kana kwamba njia ziliota zenyewe, na kazi ni kuziweka kwenye simu tu. Kijia cha Mgori kina wenyewe. Kina watu waliolala porini kumkamata mwizi wa mbao. Mgeni akipita na baiskeli yake ya shokapu mbili bila kubisha hodi ofisi ya kijiji, hata kama hajang'oa jani, ameingia ua wa mtu. Na si suala la adabu peke yake. Urinaji wa jadi hufanyika jioni na usiku kwa moshi. Ukipita kwa kelele penye mzinga uliochokozwa hutahitaji maelezo zaidi kutoka kwangu.

Upande wa Iramba mambo ni mengine kabisa. Misigiri iko juu ya nyanda, na Shelui iko chini kabisa, ukingoni mwa mbuga ya Wembere inayogeuka tope masika. Katikati ni Sekenke, mlima ulioogopwa na madereva wa malori kwa vizazi viwili. Sasa kuna lami, na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupanda kwa mwendo wa jongoo. Aliye juu mngoje chini, lakini kwa Sekenke usimngoje karibu na barabara. Vijia vinavyoteremka pembeni, kati ya mawe na mikunazi, vina mteremko ambao ungewapendeza wale wa Marin. Tahadhari moja tu: mashimo. Hapa palichimbwa dhahabu tangu enzi ya Wajerumani, na dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyofuliwa Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Leo kwenye minada ya Ulaya sarafu moja huuzwa kwa bei ya baiskeli nzuri na zaidi. Wachimbaji wadogo hawajaondoka, na shimo la zamani halina bango. Anayeshuka kwa kasi bila mwenyeji wa kumtangulia anacheza kamari na shingo.

Na sasa mbigiri. Nilitaka niikwepe kwa heshima ya mkoa, lakini ukweli ni kwamba hakuna kitakachokufundisha Singida kama mbigiri. Ni kijimea kinachotambaa, chenye ua la njano la kupendeza, na mbegu yenye miiba iliyopangwa kwa hila: ianguke vyovyote, mwiba mmoja utaangalia juu. Mara ya kwanza nilikuja na tairi mpya za kigeni, nyembamba na nyepesi, nikiringa. Nilipata pancha nne kabla ya saa nne asubuhi. Fundi aliyenisaidia chini ya mwarobaini alikuwa na beseni la maji, kipande cha msasa, solusheni, na tyubu kuukuu ya kukatia viraka. Alihesabu mapovu kwenye beseni kama anayehesabu uhalifu wangu. Kisha akachukua tairi lililokufa, akalichuna kingo, akalivisha ndani ya tairi langu, kati yake na tyubu. Uzito uliongezeka kama kilo nzima. Sikupata pancha tena siku hiyo.

Walioendelea huko nje wameachana na tyubu; humimina ndani ya tairi maji ya utomvu yanayoziba tundu kabla upepo haujaisha. Ni kitu kizuri, nimekitumia, na kwa mbigiri hufanya kazi. Mwiba wa mgunga hukicheka.

Mvua na upepo navyo vina ratiba. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Machi alizeti huwa imechanua, na kupita kwenye kijia kati ya mashamba mawili ya njano ni raha inayotosha kusamehe matope; lakini udongo mweusi wa mbugani ukilowa hushika gurudumu mpaka lisizunguke, ukajikuta unaibeba baiskeli iliyokuja kukubeba. Kuanzia Juni ardhi ni ngumu, hewa ya asubuhi ni baridi ya koti. Kuelekea Septemba upepo unakuwa bwana. Wanaotaka kujenga mitambo ya umeme wa upepo hawakuichagua Singida kwa kupiga ramli. Ushauri wa wenyeji ni kuondoka alfajiri na kurudi upepo ukiwa mgongoni, na mimi niliupuuza mara moja tu.

Je, haya yana mwelekeo wowote, au ni starehe ya mwandishi mwenye baiskeli? Tuangalie jirani. Tom Ritchey, mmoja wa wale wa California, alifika Rwanda mwaka 2005 akapanda baiskeli kwenye milima yao. Aliona watu wakiteremsha mizigo kwa baiskeli za mbao, magurudumu ya gogo na breki ya kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma. Mwaka uliofuata kukafanyika mbio walizoziita Wooden Bike Classic, zikawemo baiskeli za mbao na za chuma. Ritchey akabuni pia baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, ili mkulima afike kiwandani buni ikiwa bado mbichi. Timu ya taifa nayo ikajengwa. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti aliiwakilisha Rwanda katika mbio za baiskeli za mlimani kwenye Olimpiki ya London. Na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Kumbuka mpangilio: walianza na mbeba mzigo.

Kwetu, Lushoto na Mto wa Mbu wameshazoea wageni wa baiskeli. Vijana wa huko huongoza, hutengeneza, hulipwa. Singida ina waendeshaji kushinda wote hao. Mchuuzi wa kuku anayezunguka vijiji vitano kwa siku na tenga nyuma ya keria, kilomita ambazo mwanamichezo angeziandika kwenye daftari, haitwi mwendesha baiskeli. Anaitwa mchuuzi. Siku hizi pikipiki inampunguza, lakini kwenye kijia cha mawe bado yeye ni mfalme, maana bodaboda hana pa kupita.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Kijia kimoja nilichokipenda, chembamba, kilichopita kati ya matale mawili kisha kikaibukia kwenye mikwaju, nilikirudia baada ya mwaka nikakuta greda limeshapita. Mita sita za udongo mwekundu, mtaro pande zote, na mikwaju miwili imelala. Nilikasirika, halafu nikaona aibu ya kukasirika: kijiji kile mama mjamzito alikuwa akibebwa kwenye kiti cha miti hadi barabarani. Barabara ile ilitakiwa. Siwezi kusema vingine. Ila sioni ni kwa nini kila kijia lazima kingoje greda kana kwamba wembamba ni ugonjwa. Vile vinavyokwenda kwenye mizinga haviendi kwenye zahanati.

Siku yangu ya mwisho Mgori nilikuwa napanda, ulimi nje, gia ya mwisho, nilipoona mbele yangu kofia ya pama ikishuka. Mzee, Fonix, madumu mawili ya asali kwenye keria na moja kwenye fremu. Kijia kilikuwa cha mmoja. Baiskeli yangu ilikuwa na breki za diski mbele na nyuma. Yake ilikuwa na mguu. Nikaiburuta ya kwangu majanini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu bila kuinua katambuga kwenye tairi, akapita na harufu yake ya moshi, nta na mpira. Nilimsikiliza mpaka kengele yake ilipopotea chini bondeni. Kisha nikaitoa baiskeli kwenye majani, na gurudumu la mbele likaanza kupumua. Mbigiri tatu.